I−, Oc au Iq: Kuchagua Badiliko la Jeni Linalofaa kwa Uzalishaji wa Kimeng'enya katika E. coli

Anayetaka kupata kimeng'enya cha beta-galaktosidasi, kinachovunja sukari ya maziwa iitwayo laktosi, kwa wingi kutoka kwa Escherichia coli, sawa na mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wa shahada ya kwanza jinsi bakteria anavyozifungua na kuzifunga jeni zake, hana budi kuamua kwanza atafanya kazi na bakteria wa ukoo gani. Orodha za koo za maabara zimejaa alama fupi kama I−, Oc, Is, Iq na UV5, na kila moja inataja badiliko fulani la jeni katika operoni ya laktosi, yaani kundi la jeni za kutumia laktosi zinazodhibitiwa pamoja. Mabadiliko yote haya huathiri kiasi cha kimeng'enya kinachotengenezwa, lakini hayakutokea mahali pamoja kwenye DNA. Mahali badiliko lilipotokea ndipo panapoamua kama ukoo huo utakufaa au utakusumbua, na kwa maoni yangu swali hilo linapaswa kutangulia swali la wingi, ingawa wengi huanza na wingi.

Ili ulinganisho ueleweke, tuanze na bakteria ambaye hajabadilika. Kwake, jeni tatu zimepangana mfululizo: lacZ ya beta-galaktosidasi, lacY ya protini inayoingiza laktosi ndani ya seli, na lacA, ambayo mchango wake katika ulaji wa laktosi ni mdogo kiasi kwamba tunaweza kuiacha. Mbele ya jeni hizo kuna promota, yaani mahali polimerasi ya RNA inapotua ili ianze kunakili, na opereta, kipande kifupi cha DNA ambacho protini kizuizi hujishikiza juu yake na kuzuia unakili. Protini hiyo hutengenezwa na jeni jirani iitwayo lacI. Huundwa kwa minyororo minne inayofanana, kila mmoja ukiwa na asidi amino 360, na seli moja huwa na vizuizi kamili takriban 10 tu. Laktosi inapoingia, molekuli chache za beta-galaktosidasi zilizokuwamo hugeuza sehemu yake kuwa alolaktosi, nayo alolaktosi hukishika kizuizi na kukibadili umbo hadi kinaachia opereta. Uzalishaji hupanda mara 1,000 hivi. Maabara, badala ya laktosi, hutumia IPTG, kiamshi ambacho kimeng'enya hakiwezi kukivunja, na kwa hiyo kiasi chake hakipungui kadiri bakteria wanavyokua.

Kuna sharti la pili ambalo husahaulika. Kizuizi kikishaondoka, promota ya laktosi bado ni dhaifu kwa asili yake, na inahitaji kusaidiwa na protini CRP iliyoshikana na molekuli ndogo ya cAMP. Palipo na glukosi, cAMP hupungua, msaada huo hukosekana, na zaidi ya hapo protini ya lacY huzuiwa kuingiza laktosi. Kwa hiyo kuna vidhibiti viwili tofauti, na badiliko linaloharibu kimoja haliharibu kingine.

Tulinganishe sasa mabadiliko mawili ambayo huchanganywa kuliko yote, I− na Oc. Katika I−, jeni lacI imeharibika na kizuizi hakitengenezwi, au kinatengenezwa kikiwa hakina nguvu ya kushika DNA. Katika Oc, kizuizi ni kizima kabisa, ila opereta imebadilika kiasi kwamba kizuizi hakiishiki vizuri. Ukiwatazama juu juu, bakteria wa koo hizi mbili wanafanana, kwa kuwa wote huzalisha kimeng'enya wakati wote, kuwe na kiamshi au kusiwe. Tofauti ya kwanza huonekana kwenye vipimo. Katika kazi ambayo François Jacob na Jacques Monod waliichapisha mwaka 1961 wakiwa Institut Pasteur jijini Paris, bakteria wa I− walifikia kiwango kamili cha kimeng'enya bila kiamshi chochote, ilhali wa Oc bila kiamshi walifikia takriban asilimia 10 hadi 20 ya kiwango hicho, kisha wakapanda hadi juu walipopewa kiamshi. Opereta iliyobadilika bado inashikwa kidogo. Haijawa huru moja kwa moja.

Tofauti hiyo inaonekana hata kwa macho. Chukua sahani ya agari yenye gliseroli kama chakula na X-gal kama rangi, bila IPTG, upande bakteria wa aina tatu upande kwa upande. X-gal huvunjwa na beta-galaktosidasi na kutoa rangi ya buluu, lakini yenyewe haiamshi operoni. Baada ya usiku mmoja katika nyuzi 37 za Selsiasi, koloni za bakteria wa asili hubaki nyeupe, au zina weupe uliofifia kidogo kuelekea buluu, za I− hukolea buluu nzito, na za Oc huwa buluu iliyopoa kati ya hizo mbili. Agari ya MacConkey, ambayo mafundi wa maabara za hospitali wanaijua kwa rangi yake nyekundu, haifai kwa kazi hii, kwa sababu ina laktosi ndani yake, na bakteria wote watatu watageuka wekundu bila kukueleza nani alikuwa akizalisha kabla ya kuamshwa.

Kwa hiyo, kama unachotafuta ni kimeng'enya kingi bila gharama ya kiamshi, I− inashinda. Ila hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo si mwisho. Tofauti ya pili, ambayo kwangu ina uzito kuliko ya kwanza, hujitokeza pale seli inapobeba nakala mbili za sehemu hiyo ya DNA. Kizuizi ni protini inayosafiri ndani ya seli. Nakala moja nzima ya lacI, popote ilipo, hutoa vizuizi vinavyoweza kufunga opereta zote zilizo nzima. Kwa hiyo seli yenye I− kwenye kromosomu na I+ (lacI nzima) kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, hurudi kuwa ya kawaida, ikisubiri kiamshi kama bakteria yeyote wa asili. Opereta kwa upande wake haitengenezi kitu chochote kinachosafiri. Ni alama tu kwenye DNA, na kasoro yake huathiri jeni zilizofuatana nayo kwenye uzi uleule na si nyingine. Ukiweka kando yake nakala yenye opereta nzima, jeni zilizo nyuma ya Oc zitaendelea kuzalisha kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hili linagusa meza ya kazi moja kwa moja. Plasmidi nyingi zinazotumika kuzalisha protini zimebeba nakala yake ya lacI. Mtafiti akiingiza plasmidi ya namna hiyo kwenye bakteria wa I− kwa sababu nyingine kabisa, tuseme anataka kuzalisha protini ya pili pembeni, beta-galaktosidasi iliyokuwa ikitoka bila kikomo itafungwa, na ataanza kutafuta kosa kwenye chakula cha kuoteshea au kwenye joto la kifaa wakati tatizo liko kwenye plasmidi. Bakteria wa Oc hawatishwi na jambo hilo kwa kiwango hicho, japo kimeng'enya chao ni kidogo tangu mwanzo. Kwa ukoo utakaobeba plasmidi mbalimbali katika miaka ijayo, na ambao kimeng'enya chake hakipaswi kuzimika, ningechagua Oc bila kusita. Kwa ukoo utakaobaki ulivyo, I−.

Njia ya kuwapata pia inatofautisha. Wanaosaka bakteria wanaozalisha wakati wote huwapa fenili-galaktosidi kama chakula pekee. Kiwanja hiki kinavunjwa vizuri na beta-galaktosidasi, lakini hakiamshi operoni. Bakteria wa asili hufa njaa juu ya chakula ambacho kimeng'enya chake kingeweza kukivunja, kwa sababu hakuna kinachoamrisha kimeng'enya hicho kitengenezwe. Wachache waliopoteza udhibiti ndio wanaoota. Karibu wote utakaowavuna kwa njia hiyo watakuwa I−, na sababu yake ni ukubwa wa shabaha: lacI ina jozi 1,083 za besi, na uharibifu karibu popote ndani yake unaweza kuimaliza nguvu, wakati kiini cha opereta kina jozi 21 tu. Anayetaka Oc hana budi kufanya walivyofanya watafiti wa Paris, yaani kuanza na seli yenye nakala mbili nzima za lacI, ili kupotea kwa moja kusiwe na athari na wale wa Oc wapate nafasi ya kuonekana.

Tena, si kila I− ni sawa na mwenzake. Ndani ya lacI kuna mahali ambapo herufi nne, CTGG, zinajirudia mara tatu mfululizo, na zaidi ya nusu ya mabadiliko ya I− yanayotokea yenyewe huwa hapo, kwa kurudufiwa au kufutwa kwa kipande kimoja cha herufi hizo. Bakteria aliyeongezewa kipande cha nne anaweza kukipoteza kizazi chochote na kurudi kuwa wa asili. Kwa ukoo wa kuhifadhi kwenye friza na kuutumia kwa miaka, mtu asikubali I− ya namna hiyo. Atafute ile ambayo sehemu kubwa ya lacI imefutwa, kwa kuwa kilichofutwa hakirudi.

Ni vyema nigeukie hospitali kwa aya mbili, maana mantiki ya fenili-galaktosidi inafanya kazi wodini kila siku, na huko wanaochagua ni madaktari. Enterobacter cloacae ana jeni ampC inayotengeneza beta-laktamasi, kimeng'enya kinachovunja dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini. Kwa kawaida jeni hiyo imetulia, na huamshwa na protini AmpR pale vipande vya ukuta wa seli vinaporundikana ndani. Protini nyingine, AmpD, huvisafisha vipande hivyo. Badiliko likiiharibu ampD, vipande hurundikana daima, AmpR haipumziki, na beta-laktamasi hutengenezwa kwa wingi usiku na mchana. Seftriaksoni, dawa inayotumika sana katika hospitali zetu, inavunjwa na kimeng'enya hicho lakini ni kiamshi hafifu. Bakteria wa asili huuawa nayo, na kipimo cha maabara huonyesha kuwa dawa inafaa. Waliopoteza ampD hubaki, huongezeka, na matibabu hugeuka njia ya kuwachagua wao. Ndiyo maana maambukizi mazito ya Enterobacter hupewa badala yake dawa kama sefepimu au meropenemu, ambazo beta-laktamasi hii haizivunji kwa urahisi.

Angalia pia kwamba ampD inafanana na lacI kwa tabia ya urithi: nakala nzima ikirudishwa kwa plasmidi, udhibiti hurudi. E. coli, kinyume chake, hana ampR kabisa, na anayezalisha AmpC kwa wingi mara nyingi amebadilika kwenye promota ya jeni yenyewe, kasoro iliyoshikamana na uzi wake kama Oc. Matokeo ya mgonjwa yanaweza kufanana, lakini chanzo chake si kimoja.

Turudi kwenye uzalishaji. Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kuzalisha wakati wote ni faida tupu, na si hivyo. Seli inayotengeneza kimeng'enya isichokihitaji hutumia asidi amino, nishati na ribosomu ambazo zingeiwezesha kugawanyika, hivyo huota polepole kuliko jirani yake aliyefunga jeni zake. Kwenye chupa moja ya usiku mmoja hasara hiyo ni ndogo na haina haja ya kuhesabiwa. Kwenye uoteshaji unaoendelea kwa siku nyingi bila laktosi, bakteria yeyote aliyeacha kuzalisha kwa ajali ya jeni atawazidi wenzake, na mwishowe chombo kitajaa wavivu. Na kama unachozalisha si beta-galaktosidasi bali protini yenye sumu kwa seli, uzalishaji wa kudumu hauwezekani hata kidogo.

Hapo ndipo Iq inapoingia, na inaenda upande wa pili kabisa. Badiliko hili limo kwenye promota ya lacI, herufi moja tu imegeuka, na kizuizi kinachotengenezwa ni kilekile ila ni kingi mara 10 hivi. Benno Müller-Hill na wenzake walilieleza mwaka 1968 walipokuwa wakihitaji kizuizi kingi cha kutosha kusafishwa. Leo thamani yake iko kwingine. Plasmidi ya aina ya pUC huwa na nakala mamia ndani ya seli moja, kila nakala ikiwa na opereta yake. Vizuizi 10 vya bakteria wa asili haviwezi kufunga opereta mamia, na uzalishaji huvuja kabla ya wakati. Ukoo wa JM109 umebeba Iq kwenye F', plasmidi yake kubwa iliyo kando ya kromosomu, hivyo unahimili hali hiyo na unahitaji IPTG ili koloni zenye pUC zigeuke buluu. DH5α hana Iq, na koloni zake zenye pUC huwa buluu hata bila IPTG. Kwa kukagua plasmidi tu, DH5α anakuokolea kiasi fulani cha IPTG, ambayo kwa maabara inayoagiza kila kitu kutoka nje si kitu cha kudharau. Kwa protini yenye sumu, DH5α atakuponza, na Iq haina mbadala mzuri miongoni mwa hizi ninazozilinganisha.

Anayetaka kukwepa IPTG na bado awe na udhibiti anaweza kutoka nje ya operoni ya laktosi na kutumia cI857, kizuizi cha faji lambda (faji ni kirusi kinachoshambulia bakteria) kilichobadilika hadi kikawa kinahimili nyuzi 30 na kuharibika katika nyuzi 42. Unaotesha kwa nyuzi 30, kisha unapandisha joto. Ni njia ya bei nafuu, ila joto huwaamshia bakteria pia vimeng'enya vya kuvunja protini, na si kila protini inakunjika vizuri katika joto hilo. Ningeijaribu pale tu bei ya kiamshi inapokuwa kikwazo cha kweli.

Kuhusu glukosi, I− hutatua nusu ya tatizo. Kwa kuwa haihitaji kiamshi, haijali kwamba lacY imezuiwa. Lakini promota yake bado inasubiri CRP na cAMP, na kwenye chakula chenye glukosi nyingi kimeng'enya kitashuka. Badiliko la UV5 linashughulikia nusu iliyobaki. Herufi mbili kwenye promota zimegeuka, kutoka TATGTT kuwa TATAAT, mpangilio ambao polimerasi ya RNA huupenda zaidi, na hapo haja ya CRP hupungua sana. UV5 peke yake haiondoi kizuizi. Bado utahitaji kiamshi. Ukiiunganisha na I− unapata bakteria anayezalisha karibu katika kila mazingira, jambo linalofaa tu kama kimeng'enya chenyewe hakimdhuru. BL21(DE3), ukoo ambao umekuwa kama kawaida kwa uzalishaji wa protini, hutumia promota ya UV5 kuendeshea polimerasi ya faji T7, na ndiyo sababu watu hulalamika kwamba unavuja kidogo kabla ya kuamshwa.

Is sitaikalia sana. Hapa kizuizi kimepoteza mahali pa kushikia kiamshi, hivyo hakiachii opereta hata ukimwaga IPTG ya kiwango cha kawaida, na kasoro hiyo hushinda hata panapokuwa na nakala nzima ya lacI pembeni. Kwa uzalishaji haina kazi. Darasani, hata hivyo, ni hazina: wape wanafunzi bakteria wa Is, wawapande kwenye chakula ambacho laktosi ndiyo sukari pekee, na wachache watakaoota wengi wao watakuwa wamepata I− au Oc. Mwanafunzi anaona udhibiti uliokaza kupita kiasi ukivunjwa kwa njia mbili tofauti, na analazimika kubuni jaribio la kuzitofautisha mwenyewe.

Ukoo wowote utakaouchagua, usiuamini kwa lebo iliyo kwenye kichupa. Otesha bakteria wake katika chupa tatu za chakula cha gliseroli: ya kwanza bila nyongeza, ya pili yenye IPTG ya milimola 1 kwa lita, ya tatu yenye IPTG hiyohiyo pamoja na glukosi. Toboa seli kwa klorofomu na SDS (aina ya sabuni) kidogo, ongeza ONPG, kiwanja ambacho beta-galaktosidasi ikikivunja hutoa rangi ya njano, subiri rangi hiyo, isimamishe kwa sodiamu kaboneti, kisha soma kwenye nanomita 420, ukigawanya kwa wingi wa seli na muda uliopita. Bakteria wa asili watatoa njano katika chupa ya pili, na kidogo zaidi ya hakuna katika ya kwanza. I− watakuwa sawa katika ya kwanza na ya pili. Oc watakuwa na njano hafifu katika ya kwanza na iliyokolea katika ya pili. Is hawatatoa kitu katika chupa yoyote. Chupa ya tatu itabaki chini kwa wote wenye promota ya kawaida, na ikikaribia ya pili kwa rangi, unaye UV5 mkononi. Kama ukoo ulioandikwa I− umesomeka kama wa asili, kabla ya kuutupa uliza kama mtu alishauwekea plasmidi yenye lacI.